Uzi: HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) imetoka pozitivu, karatasi inayofuata ni ipi?

Wete_Bandarini

Asalam alaykum wanajamvi. Swali hili haliishi humu, na majibu yake yametapakaa kwenye nyuzi kumi. Mtu kenda kuchangia damu, mama kenda kliniki ya wajawazito, kijana kapima kwa ajili ya kazi ya Umangani, karatasi inatoka HBsAg pozitivu. Hajafika kituo cha daladala keshaambiwa ini limeoza. Tukusanye hapa yanayofanyika hatua kwa hatua. Visa vya "jirani yangu alikuwa na..." vina uzi wake, huku tuweke maelezo ya kazi.

Naanza. HBsAg ni protini ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B. Ikionekana kwenye damu maana yake kirusi kimo mwilini leo. Haisemi kimeingia lini, wala haisemi ini likoje. Mtu anaweza kuwa nayo miaka 30 na ini zima, mwengine ana miaka 28 na ini limeshaanza kusinyaa. Wote wawili karatasi yao ya kwanza ni ile ile.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza kurudia HBsAg baada ya miezi sita. Ikiwa bado ipo, ndiyo huitwa sugu. Mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani, chini ya 5 katika 100 hubaki nayo. Wengine wote mwili huisafisha wenyewe. Kwa mtoto mchanga ni kinyume, karibu 90 katika 100 hubaki nayo. Ndiyo maana wengi wenye homa ya ini sugu hapa kwetu waliipata kabla hawajaanza chuo cha Kurani, na hakuna haja ya kumtazama mume au mke kwa jicho la pembeni. Pili, usingoje hiyo miezi sita ndipo upime ini. ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia), plateleti (chembe za kugandisha damu), kreatinini (kipimo cha figo) na HIV unaweza kupima wiki hiyo hiyo.

Bi_Maabara

Waalaykum salaam. Mie nizungumzie kipimo chenyewe, maana mabishano mengi huanzia mezani kwetu.

Kile kipimo cha haraka kina mistari miwili, C (wa kuhakiki kipimo) na T (wa jibu). Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T imewaka. Kitupwe, kifunguliwe chengine. T ikitokea kwa mbali, kama imepakwa penseli, hiyo ni pozitivu. Hakuna "pozitivu kidogo". Na rangi ya mstari haipimi wingi wa virusi, kwa hiyo kulinganisha karatasi ya mwaka jana na ya mwaka huu kwa rangi ni kupoteza muda. Dakika za kusomea zimeandikwa kwenye pakiti, nyingi ni 15 hadi 20. Kikisomwa baada ya saa nzima damu hukauka ikaacha kivuli pale pale pa T, mtu akapewa ugonjwa asio nao. Kikisomwa dakika ya tatu, mwenye nao anaambiwa hana.

Wale wanaojichoma sindano kazini au waliopata mkasa wiki iliyopita: HBsAg haitoki siku ya pili. Kwa wengi huanza kuonekana kwenye wiki ya nne hivi, na inaweza kuchelewa hadi ya tisa au ya kumi.

Wingi wa virusi, ile HBV DNA, ni kipimo chengine kabisa. Damu huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na plazma (maji ya damu) itengwe ndani ya saa 24. Mashine ya GeneXpert mnayoijua kwa kifua kikuu inaweza kuupima pia, mradi vichupa vyake maalumu viwepo. Ulizia kabla hujatolewa damu. Kwa sampuli zinazovuka kutoka Pemba, wanaobeba wasikilize hapa. Kichupa kisilazwe juu ya barafu tupu kwenye kasha la samaki. Damu nzima ikiganda kwa baridi, chembe nyekundu hupasuka na sampuli inakuwa kama sharubati ya ubuyu. Weka gazeti au kitambaa baina ya kichupa na barafu. Na kama upepo umezuia boti, tenga plazma huko huko Chake usiku ule, usiseme "kesho itaondoka".

Chumbuni_Kwetu

Bi Maabara, ahsante. Nimeona mahali wanaandika APRI. Ni kipimo cha kulipia?

Bi_Maabara

Sio kipimo, ni hesabu ya kukisia makovu ya ini, na kalkuleta ya simu inatosha. Unachukua AST yako, unaigawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile ile, jibu unaligawa kwa plateleti, kisha unazidisha kwa 100.

Mfano: AST 48, kiwango cha juu 40, plateleti 190. 48 gawa kwa 40 ni 1.2. 1.2 gawa kwa 190, zidisha 100, unapata 0.63.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, ikipita 0.5 kwa mtu mzima inaashiria makovu ya maana kwenye ini, na ikipita 1 ifikiriwe kuwa ini limeshasinyaa. Kwa hiyo huyo wa 0.63 asiambiwe "rudi mwakani".

Wanapokosea:

Plateleti zimeandikwa 190,000 na mtu anaiingiza hivyo hivyo. Anapata 0.0006 anashangilia. Inaingia 190, yaani maelfu.

AST ya maabara moja na kiwango cha maabara nyengine. Visichanganywe.

Sampuli iliyopasuka, ile niliyosema hapo juu. Ndani ya chembe nyekundu kuna AST nyingi, kwa hiyo AST inapanda na ini halina kosa. Ukiona AST imeruka na ALT imetulia, uliza sampuli ilikuwaje.

Plateleti zilizogandana kwenye kichupa kilichokaa sana. Mashine inahesabu bonge moja kama chembe moja, idadi inashuka, APRI inapanda. Malaria na homa ya dengi nazo hushusha plateleti, kwa hiyo usifanye hesabu hii ukiwa na homa.

Na hili la kwetu: msimu wa karafuu. AST imo kwenye misuli pia. Mtu aliyeshinda juu ya mkarafuu siku tatu, au aliyebeba magunia, AST yake hupanda bila ini kuhusika. Pumzika siku chache kabla ya kupima.

Ngazi_Mia

Kwenye ALT mjue jambo jengine. Karatasi nyingi zinaandika kawaida ni hadi 40 au 45. Mwongozo huo huo wa 2024 unahesabu 30 kwa mwanamme na 19 kwa mwanamke. Mwanamke mwenye ALT 34 anaambiwa "kawaida" kwa sababu mashine haikuweka nyota pembeni. Soma namba, usitafute nyota.

Dawa_Mkononi

Nichukue upande wa dawa.

Sio kila mwenye HBsAg anaanza vidonge, ila tangu 2024 mlango umepanuliwa. Mtu mzima huanzishwa akiwa na lolote katika haya: dalili za makovu (APRI zaidi ya 0.5, au Fibroskani, kipimo cha ugumu wa ini, zaidi ya 7), HBV DNA zaidi ya 2,000 pamoja na ALT iliyopita kiwango, au ana HIV, homa ya ini C au D, sukari, mafuta kwenye ini, ugonjwa wa figo, dawa za kushusha kinga, au kwenye ukoo kuna saratani ya ini. Pasipo na kipimo cha DNA, ALT iliyokaa juu mara kwa mara inatosha. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa walioko mashamba. Kumrudisha mtu nyumbani mwaka mzima kwa sababu mashine haina vichupa sio tiba.

Dawa yenyewe ni tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, umekula hujala sawa. Au entecavir miligramu 0.5, ambayo yataka tumbo tupu: saa mbili baada ya chakula na saa mbili kabla ya chengine. Hakuna kati ya hizo inayofuta HBsAg kwa watu wengi. Zinakizuia kirusi kuzaliana, ini linapumua, na hata makovu hupungua kwa miaka. Ndiyo maana huliwa muda mrefu, mara nyingi maisha.

Kabla ya kidonge cha kwanza pimeni HIV. Tenofovir peke yake kwa mwenye HIV asiyejijua huvifundisha virusi vya HIV kuizoea dawa, na baadae matibabu yake yanakuwa magumu. Pimeni na kreatinini, na mkojo kama una protini, kisha mrudie walau kila mwaka, kwa sababu dawa hii hupita kwenye figo. Kwa sababu hiyo hiyo, sindano za diklofenaki za maumivu ya mgongo kila wiki pamoja na tenofovir hazipatani.

Ugomvi wa majumbani: tenofovir imo pia kwenye vidonge vya HIV, na mtu akiona jina kwenye kopo tayari keshatangaza mtaa mzima. Kopo la HIV lina dawa tatu, jina refu: tenofovir, lamivudini na dolutegravir. La homa ya ini lina jina moja tu. Jengine, usikubali kupewa lamivudini peke yake eti ni ile ile. Kirusi cha B huizoea haraka.

Fundi_Mkoani

Ukishaona ALT imerudi chini, si unapumzika japo miezi miwili?

Dawa_Mkononi

Hapana ami, na hapa ndipo watu wanapoharibikiwa kuliko pengine popote. Ukiacha ghafla kirusi hurudi kwa kasi, kinga ya mwili inakishambulia ndani ya ini, na ini ndilo uwanja wa vita. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi sita ya mwanzo. ALT inatoka 25 hadi mamia au maelfu. Mwenye ini lililosinyaa hana akiba ya kuhimili hilo. Anayetaka kuacha aache mikononi mwa daktari, apimwe kila mwezi au kila miezi miwili.

Sababu za watu kuacha nazijua: dawa zimeisha boti haipo, Ramadhani, na "najisikia mzima". Ya tatu haina hoja, ugonjwa huu hausikiki. Ya kwanza: usingoje kopo libaki na vidonge vitatu, chukua jengine vikibaki kumi na tano. Kile kipakiti kidogo cha kukaushia unyevu kiache ndani ya kopo, na usihamishie vidonge kwenye karatasi. Unyevu wa masika unavilainisha.

Ramadhani: tenofovir ile baada ya futari, basi, mwezi mzima saa ile ile. Entecavir ina hesabu yake. Ukimaliza kula saa nne usiku na daku ni saa kumi, kidonge kiingie saa sita hadi saa nane. Kumeza pamoja na tende ya kufuturia kunapunguza dawa inayoingia damuni.

Mti_Mkuu

Mnaongea vidonge tu. Mwarobaini, mlonge na habat soda vimewasaidia wazee wetu. Dawa ya kisunna haina madhara.

Wete_Bandarini

Sheikh, habat soda kijiko kwenye asali hakuna anayekugombeza. Tatizo ni chupa ya lita isiyo na jina, "ya kusafisha ini", vikombe viwili kutwa kwa miezi mitatu. Kila kinachomezwa hupita kwenye ini kuchujwa. Ini ambalo tayari linaungua linaongezewa mzigo usiojulikana kipimo, na mizizi minne iliyochanganywa haiambiki ni upi ulioleta manjano. Anayetumia amwambie daktari na apime ALT kabla na baada ya mwezi mmoja. Ikipanda, chupa iwekwe chini siku hiyo hiyo.

Panadoli vilevile ina hesabu. Mtu mzima mwenye ini zima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge nane vya 500. Mwenye ini lililosinyaa aishie gramu 2, vinne. Dawa za mafua nyingi zina panadoli ndani, kwa hiyo vihesabu navyo.

Halafu njugu. Hili halisemwi vya kutosha. Njugu na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoitwa aflatoksini, na sumu hiyo ikikutana na kirusi cha B hatari ya saratani ya ini huzidishana, haijumlishwi tu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mahindi na njugu tunazokula visiwani nyingi zavuka kutoka bara. Kukaanga hakuiondoi. Nunua njugu nzima, zimwage kwenye sinia mbele ya mwanga, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au la kijivu; ikitafunwa moja ikawa chungu, tema. Njugu zilizokwisha twangwa sokoni huwezi kuzichagua, kwa hiyo bora utwange mwenyewe. Gunia likae juu ya chaga, sio sakafuni kwenye saruji, hasa masika.

Saluni_ya_Mtaani

Kwa vinyozi na wapiga hijama wenzangu. Kirusi hiki huishi kwenye damu iliyokauka siku 7 na zaidi, na kinaambukiza kwa wepesi kuliko HIV. Wembe mmoja kichwa kimoja, hata nywele za mtoto wa akika. Kichwa cha mtoto hukwaruzika bila kuona damu.

Vyuma vya mashine: vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, kwa sababu jiki ikikuta damu na mafuta nguvu yake huishia hapo hapo. Kisha jiki. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha jiki na sita vya maji, loweka dakika 10, suuza, kausha, tia mafuta maana vitashika kutu. Mchanganyiko wa jana umwagwe. Kupitisha moto wa kiberiti kwenye meno ya mashine ni maonyesho tu.

Hijama: watu wanabadilisha wembe lakini wanarudia vikombe. Angalieni kile kikombe cha plastiki chenye valvu juu. Pampu ikivuta, damu hupanda ikaingia kwenye valvu, na hapo hapafikiwi na brashi. Kikombe ni cha mtu mmoja na kitupwe. Pembe ya ng'ombe ya kupigia chuku ina vinyweleo vya kunywa damu, hiyo haisafishiki kabisa.

Mama_Fuoni

Na nyumbani? Mume anayo, tuna watoto watatu. Vyombo tunatenga?

Ngazi_Mia

Vyombo msitenge, mama. Sinia moja, kikombe kimoja, kukumbatiana, kupeana mikono, mbu, choo, hakuna hata kimoja kinachoambukiza. Vinavyotengwa ni wembe, mswaki, kikata kucha, hereni na sindano. Kidonda kifunikwe plasta. Damu iliyomwagika ifutwe kwa jiki kama alivyoeleza kinyozi hapo juu.

Kisha nyinyi nyote wanne mpimwe HBsAg. Asiye nayo, chanjo: sindano tatu, leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita tangu ya kwanza. Ichomwe begani, kwa mtu mzima ya matakoni huishia kwenye mafuta na kinga haitoki vizuri. Ukichelewa ya pili au ya tatu usianze upya, endelea ulipoishia. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya tatu, kama uwezo upo, pima kingamwili: 10 na zaidi umekingika. Mpaka hapo mtumie kondomu. Duka linalouza chanjo liulize wanaihifadhi vipi: nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande kamwe. Iliyoganda kwenye friza ikayeyuka inaonekana sawa machoni lakini imekufa.

Watoto wa miaka hii hupata chanjo ya B ndani ya ile sindano ya mchanganyiko ya wiki ya 6, 10 na 14. Tanzania iliiingiza mwaka 2002. Lakini kipindi kabla ya wiki ya 6 kiko wazi, kwa hiyo kadi iliyojaa isiwazuie kupima.

Na tafadhalini, ile kadi ya manjano ya safari ni ya homa ya manjano, ugonjwa mwengine wa mbu. Haikingi ini.

Dawa_Mkononi

Kwa wajawazito: HBsAg pozitivu, ombeni HBV DNA au HBeAg (protini nyengine ya kirusi, dalili kuwa kinazaliana kwa wingi). DNA ikifika 200,000 au HBeAg ikiwa pozitivu, tenofovir huanzwa miezi mitatu ya kati hadi angalau kujifungua. Vipimo hivyo visipopatikana, mwongozo unaruhusu kumpa mama yeyote mwenye HBsAg. Mtoto anahitaji chanjo ya B peke yake ndani ya saa 24, na immunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) ikipatikana. Haya ya mtoto yaulizwe mimba ikiwa ya miezi sita, mjue chanjo ipo hospitali ipi, Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee au kwengine. Anayezalia nyumbani kwa mkunga, hizo saa 24 zinaanza kuhesabiwa pale pale kitandani. Kunyonyesha ruhusa. Mtoto apimwe kuanzia miezi 9, sio kabla.

Chumbuni_Kwetu

Kuna jamaa Darajani anauza dawa ya "kufuta" HBsAg kwa ajili ya vipimo vya viza ya Ghuba. Wiki tatu tu.

Bi_Maabara

Wiki tatu hazifuti kitu. Hata anayekula tenofovir vizuri, virusi havionekani tena kwenye DNA, lakini ganda linaendelea kumwagwa damuni na T itawaka vile vile. Hupotea yenyewe kwa mtu mmoja hivi katika mia kwa mwaka. Huenda anachanganya na homa ya ini C. Ile kweli hupona, kwa sofosbuvir na daclatasvir wiki 12, na hiyo C ndiyo haina chanjo.

Huyo kijana wa viza mwambie hiyo pesa apime ALT, AST na plateleti. Na kama yuko juu ya miaka 40, au babake alikufa kwa ini, aongeze ultrasaundi kila miezi sita. Manjano machoni, tumbo kujaa maji, choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kulala mchana na kukesha usiku akiongea yasiyoeleweka: hiyo haingoji miadi, ni hospitali usiku huo huo.

Fundi_Mkoani

Nimepiga hesabu ya APRI, AST 31, kiwango 40, plateleti 242. Nimepata 0.32.

Bi_Maabara

Sawasawa. Iandike tarehe, na hesabu nyengine baada ya miezi sita.